Kabla ya Jackie kulikuwa na klabu

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, akina mama, kaka na dada kutoka Kivu, Kigoma, Mombasa, Bujumbura na kwingineko, na ninyi vijana mliozaliwa hapa hapa Kansas City ambao mnaujua mji huu kuliko wazazi wenu: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie besiboli mbele ya watu waliokulia kwenye soka. Si kazi rahisi. Nusu yenu mna timu za kuzitetea kule nyumbani na nusu nyingine mnasubiri pilau. Basi nianze na kanuni ili tusipotezane njiani. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake. Akikosa mara 3, ametoka. Akirushiwa mipira mibaya 4, anapewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mbio, bure. Akiupiga vizuri anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani alipoanzia, timu yake imepata alama. Wakitolewa watu 3, zamu inageuka. Mengine mtajifunza mbele ya safari.

Klabu yangu leo ni Kansas City Monarchs. Ukimtajia Mmarekani jina hilo, mara nyingi atakuambia: aa, ile timu aliyotokea Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyefungua tena mlango wa ligi kuu ya wazungu mwaka 1947. Ni kweli, alitokea hapo. Alicheza msimu mmoja tu, wa 1945, na hata huo hakuumaliza. Lakini klabu ilikuwa na miaka 25 kabla hajafika, ilikuwa na mataji, ina deni na ina mali, ina mashabiki wanaofunga duka siku ya ufunguzi. Kuiita mahali alipopita Jackie ni kuidhulumu, na ndiyo hoja niliyokuja nayo hapa.

Turudi nyuma. Tangu miaka ya 1880 wamiliki wa timu za wazungu walikuwa na makubaliano ambayo hayakuandikwa popote: mtu mweusi hasajiliwi. Moses Fleetwood Walker alikuwa amecheza Toledo mwaka 1884, na baada yake mlango ukafungwa kwa zaidi ya miaka 60. Watu weusi hawakuacha kucheza. Waliunda timu zao, wakazunguka, wakacheza na yeyote aliyelipa. Kilichokosekana ni ligi.

Ligi hiyo ilizaliwa hapa. Tarehe 13 Februari 1920, Rube Foster, mwenye Chicago American Giants, aliwakusanya wamiliki wenzake katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, hatua chache kutoka makutano ya mtaa wa 18 na Vine. Kikaoni alikuwamo mzungu mmoja, J. L. Wilkinson, mtu wa Iowa. Foster hakupenda sana kuwa na mzungu ndani ya ligi ya watu weusi, na simlaumu. Lakini Wilkinson alikuwa na sifa yake tayari. Tangu 1912 alikuwa akiendesha timu iliyoitwa All Nations, ambamo walicheza weusi, weupe, Wacuba, Wahindi Wekundu, Wajapani, na hata mwanamke, katika nchi ambayo mji mmoja ungeweza kukataa kuwauzia chakula wote kwa pamoja. Alikubaliwa, na timu aliyoisajili kwenye ligi hiyo ndiyo Monarchs. Jina lilipendekezwa na mrushaji wake, John Donaldson. Wafalme. Katika Marekani ya 1920, watu weusi wavae jezi iliyoandikwa hivyo!

Sisi wengine tunapenda kupima ukongwe wa klabu, basi pimeni: Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935, Monarchs walikuwa na miaka 15 na ubingwa wa taifa mkononi.

Wilkinson aliwapata wapi wachezaji? Sehemu kubwa alirithi kutoka All Nations. Wengine walitoka jeshini, kwenye kikosi cha 25 cha askari wa miguu, kikosi cha weusi kilichokuwa na timu hatari. Inasimuliwa kwamba aliyempa Wilkinson taarifa ni Casey Stengel, mtoto wa Kansas City ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mkubwa wa New York Yankees. Miongoni mwa askari hao alikuwamo Wilber Rogan, waliyembandika jina la Bullet, yaani risasi. Mtu mfupi, kifua kipana. Alikuwa anarusha kama mrushaji bora wa timu na anapiga kama mpigaji bora wa timu. Leo dunia nzima inamshangaa Shohei Ohtani kwa kufanya hivyo, na anastahili. Rogan alifanya hivyo miaka 100 iliyopita, kisha usiku analala ndani ya basi.

Mwaka 1924 ikachezwa fainali ya kwanza kabisa ya ligi za weusi, Monarchs dhidi ya Hilldale kutoka viunga vya Philadelphia. Ilihitaji mechi 10, moja ikaisha sare. Walihama kutoka Philadelphia hadi Baltimore, hadi Kansas City, hadi Chicago, kwa sababu ilibidi mpira ufuate mahali penye watu wa kununua tiketi. Mechi ya mwisho, tarehe 20 Oktoba huko Chicago, kocha wa Monarchs, Mcuba José Méndez, alijipanga mwenyewe kurusha. Alikuwa amezeeka kimchezo, alikuwa mgonjwa, na daktari alikuwa amemshauri asirushe. Alirusha mechi nzima bila kuruhusu alama hata moja. Monarchs 5, Hilldale 0. Miaka minne baadaye Méndez alikuwa kaburini.

Mwaka uliofuata timu hizo hizo zikakutana tena na Hilldale wakalipiza kisasi. Rogan hakucheza. Alikuwa nyumbani akicheza na mwanawe sakafuni, sindano ikamwingia gotini. Ubingwa umepotea kwa sindano ya kushonea! Wanaopenda kusema mpira ni dakika 90, hawa wao mpira wao hauna hata dakika, na bado sindano iliuamua.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye mwaka 1930, kwa sababu hapo ndipo unapoiona klabu kama biashara na si hadithi ya mashujaa tu.

Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka mmoja nyuma. Mtu mweusi ndiye wa kwanza kufukuzwa kazi, na asiye na kazi hanunui tiketi. Mwenye kazi naye yuko kiwandani mchana, na besiboli ilichezwa mchana. Ligi yenyewe ilikuwa inayumba, maana Foster alikuwa ameugua akili na kuondolewa kwenye uongozi miaka kadhaa kabla. Wilkinson akafanya jambo ambalo wenzake waliliona la mtu aliyepungukiwa. Akaweka mali yake rehani, akaagiza kiwanda cha Omaha kimtengenezee taa za kubebwa. Milingoti ya chuma ya kurefushwa juu ya malori, taa kubwa, na jenereta moja kubwa ya kuziwasha. Msafara unaingia mji jioni, malori yanapangwa kuzunguka uwanja, injini inawashwa, na pale palipokuwa giza panakuwa na mchezo.

Tarehe 28 Aprili 1930, mjini Enid, Oklahoma, Monarchs wakacheza usiku na timu ya chuo cha Phillips. Ligi kuu ya wazungu, yenye fedha zote na magazeti yote, ilicheza mechi yake ya kwanza ya usiku mwaka 1935, Cincinnati. Miaka mitano baadaye.

Msidhani zilikuwa taa za Uwanja wa Mkapa. Wachezaji walisimulia kwamba milingoti haikuwa mirefu vya kutosha, mpira ukipigwa juu sana unapita mwanga na kupotea gizani, halafu unaanguka kutoka mahali usipopajua. Jenereta ilinguruma kiasi kwamba mlinzi wa nyuma hamsikii mwenzake akimwita. Lakini watu walikuja. Wakulima wa Kansas na Nebraska, weupe wengi wao, ambao hawakuwahi kuona taa nyingi hivyo mahali pamoja, walikuja kuziangalia taa na wakaishia kuangalia besiboli. Klabu ikaachana na ligi kwa miaka kadhaa, ikaishi barabarani, kwenye miji midogo ambayo mingine hamjawahi kuisikia japo mko hapa, hadi Kanada. Ligi waliyoiacha ilikufa mwaka 1931. Monarchs hawakufa. Mimi naamini zile taa ndizo zilizowaokoa, na ningekuwa na uwezo ningejenga sanamu ya jenereta pale mtaa wa 18.

Na nyumbani je? Nyumbani palikuwa na shangwe. Kuanzia 1923 walicheza kwenye uwanja wa mtaa wa 22 na Brooklyn, uwanja uliobadilishwa majina mara nyingi kuliko naweza kuyakumbuka bila karatasi. Waliuchangia na timu ya wazungu ya Kansas City Blues. Blues wakicheza, mtu mweusi ana upande wake wa kukaa. Monarchs wakicheza, kila mtu anakaa popote alipopata kiti. Uwanja ule ule, mbao zile zile. Jumapili ya ufunguzi kulikuwa na gwaride mtaani, na makanisa yalitangulisha ibada ili waumini wawahi mechi wakiwa na nguo zao za kanisani. Wachungaji walijua wakishindana na Monarchs watashindwa. Jioni watu walijaa Vine, na kwenye vilabu palipigwa jazi ambayo leo watu wanavuka bahari kuja kuitafuta.

Mwaka 1937 walirudi kwenye ligi mpya, Negro American League, na hapo wakawa tishio: ubingwa 1937, kisha 1939, 1940, 1941, 1942. Mwaka 1938 alikuwa amejiunga kijana wa Florida aliyekimbia mashamba ya mboga, John O'Neil, tuliyemjua kama Buck. Muda si mrefu akaja mrushaji Satchel Paige.

Paige alikuwa ameumia mkono Mexico. Timu nyingine zilimwona kama mtu aliyekwisha. Wilkinson akamchukua kwa timu ya pili, ile ya kuzunguka vijijini, kwa hesabu kwamba watu wangelipa kuliona jina lake hata kama mkono haufanyi kazi. Hesabu ya mfanyabiashara, tuseme ukweli. Mkono ukapona. Hakuna aliyejua kwa nini. Klabu ikajikuta ina mrushaji mashuhuri kuliko wote nchini.

Fainali ya 1942 ilikuwa na Homestead Grays, na Grays walikuwa na Josh Gibson, mpigaji ambaye mrushaji yeyote mwenye akili angependa akutane naye siku nyingine. Mechi ya pili, Pittsburgh. Buck O'Neil, aliyekuwa akilinda besi ya kwanza, alisimulia hadi uzeeni kwamba Paige aliwapa wapigaji wawili besi za bure kwa makusudi, besi zote zikajaa, ili tu amkute Gibson. Akamtangazia kabla kila mpira utakavyokuja. Mipira mitatu, Gibson nje. Watafiti walipofungua magazeti ya siku zile waliona kwamba wale waliojaza besi walifika kwa kupiga mpira, hawakupewa na mtu. Na mimi hadithi hii nitaendelea kuisimulia kama Buck alivyoisimulia, ila nimewaambia na ya magazeti, mchague wenyewe. Ambalo halina ubishi ni kwamba besi zilijaa na Gibson alikosa.

Grays wakiwa wamezidiwa, wakaleta mechi moja wachezaji wa kuazima kutoka timu nyingine. Kwa Kiswahili cha viwanjani hao wanaitwa mamluki. Walishinda, Monarchs wakakata rufaa, matokeo yakafutwa. Mechi ya mwisho, Philadelphia, Paige hakuonekana wakati wa kuanza. Inasemekana polisi wa barabarani walikuwa wamemsimamisha kwa mwendo kasi. Akafika, akaingia katikati ya mchezo, wakamaliza kazi. Mechi nne kwa bila.

Sasa tumfikie Jackie.

Alikuja 1945, ametoka jeshini, amesoma chuo kikuu California, analipwa dola 400 kwa mwezi. Hakupenda maisha yale, na baadaye aliandika wazi wazi: safari za basi zisizoisha, hoteli chafu, ratiba isiyoeleweka. Wenzake wengine walikasirika. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kusema, na wao walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu hoteli chafu hawakuichagua wao. Iko hadithi wachezaji wa Monarchs waliyopokezana. Basi lilisimama Oklahoma kwenye kituo cha mafuta walichokizoea. Jackie akaenda chooni, mwenye kituo akamzuia: choo si cha watu weusi. Jackie akamwambia basi atoe bomba la mafuta kwenye tangi, watanunua pengine. Yule mzungu akatazama basi lenye matangi mawili makubwa, akapiga hesabu, akawaruhusu. Wenzake walikuwa wamepita hapo miaka na miaka.

Tarehe 28 Agosti 1945 Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, alikutana na Jackie ofisini kwake. Oktoba usajili ukatangazwa, na tarehe 15 Aprili 1947 Jackie akaingia uwanjani Brooklyn. Hilo lilikuwa jema, tena jema kubwa. Lakini niulizeni Monarchs walilipwa kiasi gani kwa mchezaji wao.

Hawakulipwa kitu. Rickey alisema zile hazikuwa ligi za kweli, hazina mikataba ya kueleweka, kwa hiyo hakuna wa kulipwa. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, ila huu ulilambwa. Tom Baird, mshirika wa Wilkinson, alianza kwa kutishia kulalamika kwa kamishna. Halafu wote wawili wakanyamaza. Wangefanyaje? Wasimame mbele ya magazeti ya watu weusi waseme wanamzuia Jackie? Rickey alilijua hilo. Na msiniambie kwamba kulipa hakukuwezekana. Mwaka 1947 huo huo, Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland, alimchukua Larry Doby kutoka Newark Eagles na akamlipa mwenye timu, Bi. Effa Manley, dola 15,000. Bei ndogo kwa mchezaji kama Doby, lakini alimtambua Bi. Manley kama mwenye mali. Ndiyo maana Rickey kwangu ni mtu wa mambo mawili, na sioni haja ya kuliondoa moja ili lingine lipendeze.

Baada ya hapo yalikwenda mbio. Willard Brown na Hank Thompson wakaenda St. Louis Browns 1947. Paige akaenda Cleveland 1948 akiwa na miaka 42 na akaondoka na ubingwa wa dunia mwaka huo huo. Elston Howard akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa Yankees, 1955. Ernie Banks aliuzwa Chicago Cubs 1953. Hakuna timu ya ligi za weusi iliyotoa wachezaji wengi kwenda ligi kuu kuliko Monarchs. Na kila aliyeondoka aliondoka na mashabiki wake, maana baba aliyekuwa akienda mtaa wa 22 na Brooklyn sasa anakaa nyumbani, redio mkononi, anamsikiliza Jackie. Wilkinson aliuza sehemu yake 1948. Buck, aliyekuwa kocha sasa, akawa kazi yake hasa ni kulea vijana wa kuuzwa. Mwaka 1954 alimpata Toni Stone, mwanamke, akacheza besi ya pili kwa msimu mmoja. Mwaka 1955 Athletics wakahamia hapa kutoka Philadelphia, mji ukapata timu ya ligi kuu, na Monarchs wakauzwa kwa mwenye timu wa Grand Rapids, Michigan. Walibaki na jina la Kansas City kifuani, wakizunguka miaka kadhaa, huku wakilala mji mwingine.

Buck alikwenda Cubs kama skauti, na 1962 akawa kocha msaidizi wa kwanza mweusi katika ligi kuu. Ndiye pia mmoja wa walioanzisha jumba la makumbusho la ligi za weusi hapa mwaka 1990. Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa ligi hizo na wa zama za kabla yake waingie kwenye jumba la magwiji, Cooperstown. Wilkinson alikuwamo. Méndez alikuwamo. Buck hakuwamo. Akaenda Cooperstown vilevile, akahutubia kwa niaba ya hao 17, akawaimbisha watu wakiwa wameshikana mikono. Oktoba mwaka huo akafariki, ana miaka 94. Walimwingiza 2022. Nimejaribu kuwasamehe, bado sijaweza.

Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi 7 za weusi kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na 2024 takwimu zikaunganishwa. Josh Gibson, yule aliyekosa mipira mitatu, sasa ndiye mwenye wastani bora wa kupiga katika historia yote, juu ya Ty Cobb aliyeongoza kabla yake. Kwa hiyo Rickey alivyosema hazikuwa ligi za kweli, wenye mchezo wenyewe wamemkana, miaka 75 baadaye. Fedha bado haijaletwa.

Na jina? Januari 2021 timu ya kulipwa iliyoko ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Kansas, ilijiita Kansas City Monarchs kwa kushirikiana na jumba la makumbusho, na msimu ule ule ikachukua ubingwa wa ligi yake. Si klabu ile, tusidanganyane. Lakini wanacheza usiku, chini ya taa, na nauli ya kwenda huko si kubwa.

Nimemaliza. Nipokee maswali, na naomba vijana waanze, wazee wetu watavumilia kidogo.